Mwalimu wa mnyororo na mwalimu wa maini: nimewalipa wote wawili

Ndani ya mwezi huu wateja watatu wameniuliza mbwa wangu nimemfundishia wapi. Nikianza kujibu nguo inasimama, kwa hiyo naandika yote hapa, na bei zake na kasoro zake, anayetaka asome.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Kihonda, Morogoro. Kibaraza ndiyo ofisi: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo, na pazia la kubadilishia nguo. Mwaka juzi wezi waliruka ukuta usiku wakabeba mashine ya ovaloki na vitenge vya watu ambavyo nilikuwa nimeshavikata. Mashine nilinunua nyingine kwa mkopo wa kikoba. Kwa vile vitenge ilibidi nizunguke nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Ndipo nikachukua mbwa. Mama yake ni mbwa wa kienyeji, baba yake ni German Shepherd wa jirani. Sikio moja limesimama, la pili limelala. Mama yangu alipomwona akasema, "Mbwa kwenye nyumba ya wateja? Haya, tuone." Jina likawa hilo hilo, Tuone.

Alipofika miezi tisa alikuwa na nguvu kunishinda. Mtu akipiga hodi getini, Tuone anafika kabla neno halijaisha. Hakuwa mkali. Alikuwa anaruka, anaweka miguu ya mbele kifuani mwa mtu, analamba. Lakini nina wateja Waislamu wengi, na mate ya mbwa kwenye nguo ni najisi, mtu hawezi kuswali nayo mpaka aitoharishe. Bi mkubwa mmoja, mteja wangu tangu naanza kazi, aliacha kuingia. Akawa ananisubiri nje ya geti, nampimia pale pale barabarani, watu wakipita. Niliona aibu kumfanyia hivyo mtu wa umri wake, nikaanza kutafuta mwalimu.

Wa kwanza nilielekezwa na mlinzi wa mtaa wa pili. Ni mtu mzima, makini, na mbwa wake mwenyewe anatembea pembeni ya goti lake kama ameshonewa hapo. Bei shilingi 300,000 kwa wiki tatu, mbwa analala kwake, nusu unalipa mbele, chakula ni juu yake. Aliniambia, "Dada, mbwa ni mnyama wa kundi, na kundi lina bwana mmoja. Asipomjua bwana, atakuwa bwana yeye." Maneno yaliniingia, nikalipa.

Vifaa vyake vilikuwa viwili: fimbo ya mwanzi na mnyororo wa kubana. Ule mnyororo ninao hadi leo kwenye droo ya vifungo, ndiyo maana naweza kuueleza vizuri. Ni wa chuma, wenye vipete vidogo vilivyoshikana, na kila ncha ina pete kubwa. Unaupitisha mnyororo ndani ya pete moja unapata kitanzi, kitanzi kinaingia shingoni, kamba inafungwa kwenye pete ya pili. Ukivuta kinabana, ukiachia kinalegea. Somo lote limo humo. Unasema "Kaa!", asipokaa unaivuta kamba kwa mshtuo, shingo inabanwa, anakaa, unalegeza. Anachojifunza mbwa ni kukaa ili apumue.

Wiki ya tatu mwalimu aliniita nikaone. Tuone alikaa, alilala, alitembea pembeni bila kuvuta, alisubiri mwalimu akiwa mbali hatua thelathini. Nilifurahi hadi nikapiga makofi. Kuna mambo niliyaona siku ile bila kujua maana yake: masikio yote mawili yamelala nyuma, mkia uko chini ya tumbo, analamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo saa nne asubuhi. Nilidhani ndiyo adabu. Leo nikimwona mbwa wa mtu anapiga miayo hivyo, namwuliza mwenyewe kuna nini hapa anachokiogopa.

Nataka nimtendee haki yule mzee. Hakuniibia. Alichoahidi alikifanya, na kwa haraka. Mbwa alirudi ameshiba. Atakayekwambia mabavu hayafanyi kazi kabisa hajayaona. Yanafanya kazi, na wiki ya kwanza yanapendeza. Lakini nilipofika nyumbani nikagundua nimenunua nusu ya kitu. Mnyororo ukiwa shingoni na kamba ikiwa mkononi mwangu, Tuone anatii. Nikimvua mnyororo, hanisikii. Mimi nashona saa kumi kwa siku, mikono yote miwili iko kwenye kitambaa. Sina mkono wa tatu wa kushika kamba.

Jambo la pili nilidhani ni faida. Kabla ya mafunzo, mgeni akimsogelea vibaya Tuone alikuwa ananguruma. Baada ya mafunzo, kimya. Mwalimu alikuwa amemtandika kila aliponguruma, akaacha. Nikawaambia wateja, karibuni, sasa hana neno.

La tatu lilikuwa harufu. Nilikuwa nampitishia mkono shingoni nikasikia unyevu. Chini ya manyoya, pale mnyororo ulipokuwa unakaa, ngozi ilikuwa imechubuka mzunguko mzima na sehemu moja imetunga usaha. Nilimpeleka hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walimnyoa ukanda wa upana wa vidole vitatu kuzunguka shingo, wakamsafisha, wakampa dawa, na daktari akaniambia mnyororo usirudi pale. Nikautia kwenye droo.

Kisha ikaja Jumamosi ya kung'atwa mtoto. Alikuja mvulana wa miaka kama kumi, ametumwa na mama yake kuchukua sketi ya shule ya dada yake. Mkononi alikuwa na muwa mrefu, anautafuna njiani. Aliingia, akasema, "Shikamoo fundi," na ule muwa akauinua begani ili apate kupita mlangoni. Tuone alikuwa amelala chini ya meza ya kukatia. Hakunguruma, hakubweka, hakuonyesha meno. Alitoka pale chini moja kwa moja akamshika mtoto mkono, chini ya kiwiko. Matundu mawili ya meno na mchubuko mrefu. Nilimpeleka mtoto bombani nikamwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, yeye analia, mimi natetemeka. Kichaa cha mbwa hakina mchezo, dalili zikishatokea ni kifo, na kinga inaanza na sabuni. Kisha kituo cha afya, sindano za chanjo, kadi ya chanjo ya Tuone mkononi, na mbwa akawekwa chini ya uangalizi siku kumi. Gharama zote nilibeba mimi. Mama wa mtoto alinisamehe, na bado ananiletea nguo. Sijasahau wema wake.

Nilimpigia simu mwalimu. Akasema, "Umemlegezea, dada. Mrudishe nimvalishe mkanda wa shoti. Ongeza elfu themanini." Mkanda wa shoti ni ule wenye betri, unabonyeza rimoti mbwa anapigwa umeme shingoni. Nilikata simu nikakaa kwenye kiti cha cherehani muda mrefu.

Mtoto wa dada yangu anasoma udaktari wa mifugo SUA. Alikuja jioni ile, akamtazama Tuone, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama mdogo, huyu alipigwa kwa sababu ya kunguruma. Hofu haikutoka, iliyotoka ni sauti." Akanionyesha na lingine ambalo mimi sikuliona kabisa: muwa. Mtoto mwenye kitu kirefu begani, kwa macho ya Tuone, ni mtu ameinua fimbo.

Kuanzia siku hiyo akawa ananitumia tafiti kwenye simu, ananitafsiria zile sehemu ngumu. Nitataja tatu zilizonibadilisha mawazo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwauliza wenye mbwa 140 waliopeleka mbwa wao kwa matatizo ya tabia, wametumia mbinu gani nyumbani na mbwa akajibuje. Kati ya waliowahi kumpiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 walisema mbwa aliwageukia kwa ukali. Wa pili ni wa Porto, Ureno, uliotoka mwaka 2020, kwa mbwa 92 wa vyuo mbalimbali vya mafunzo. Walipima homoni ya msongo kwenye mate, wakawapiga picha za video mbwa wakiwa darasani, na wa vyuo vya mabavu wakakutwa na msongo zaidi. Kuna jaribio la bakuli humo ambalo mpaka leo naliwaza nikiwa napiga pasi. Mbwa anafundishwa kwamba bakuli likiwekwa upande huu lina soseji, upande ule ni tupu. Kisha bakuli linawekwa katikati. Mbwa waliofundishwa kwa mabavu walilifuata polepole zaidi, kama wanaotarajia kukuta tupu. Yaani mafunzo yalikuwa yamebadilisha hata matumaini yao, nje ya darasa kabisa. Wa tatu ni wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, na ndio uliojibu ule mkanda wa shoti: mbwa 63 wenye tatizo la kutokuja wakiitwa, na waliofundishwa kwa zawadi walitii vizuri kuliko wa umeme, bila kusubiri kurudiwa amri mara nyingi. Wales mikanda hiyo imepigwa marufuku tangu 2010.

Na yale maneno ya "bwana wa kundi"? Yametoka mbali. Kitabu cha mafunzo ya mbwa cha Konrad Most, afisa wa polisi wa Ujerumani, kilitoka mwaka 1910, na mbinu zile za kamba, mshtuo na fimbo zilipitia majeshini na polisi nchi nyingi. Habari ya mbwamwitu wanaopigania ubwana ilitokana na kuchunguza mbwamwitu wasiojuana waliofungiwa pamoja. David Mech, Mmarekani aliyewafuatilia porini miaka mingi, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Mzee wangu alikuwa anafundisha alivyofundishwa, na aliyemfundisha vivyo hivyo. Simchukii.

Sasa mwalimu wa pili. Nilimpata kwa mteja wangu anayefundisha panya buku katika shirika la APOPO, pale pale SUA. Watu wa Morogoro tumewazoea hao panya, tunasahau kwamba ni ajabu ya dunia. Wanafundishwa hapa kwetu kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi, na mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71, akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alikufa Januari 2022. Mteja wangu nilikuwa nampima bega nikamsimulia ya Tuone. Akacheka kidogo, kwa upole, akasema, "Fundi, panya ukimpiga unamfundisha nini? Atajificha basi. Sisi tuna sauti na ndizi." Sauti ni ya klika, kidude cha kubonyeza kinacholia tik. Panya akinusa sawa, inalia, anapata ndizi au karanga. Hakuna kingine. Kazi ya kutafuta bomu, ambayo binadamu anaifanya kwa kifaa na roho mkononi, imefundishwa kwa ndizi. Akanipa namba ya kijana mmoja wa Mazimbu anayefundisha mbwa kwa njia hiyo.

Bei yake ni shilingi 25,000 kwa kipindi cha saa moja, anakuja nyumbani. Hachukui mbwa kulala kwake, kwa sababu, alivyosema, atakayeishi na mbwa ni wewe. Nilichukua vipindi vinane ndani ya wiki kumi, jumla 200,000.

Kipindi cha kwanza nilidhani nimeibiwa. Alifika, akavua viatu, akakaa chini kwenye kibaraza akimpa Tuone ubavu, hakumtazama. Kila baada ya muda alirusha kipande cha ini mbali kidogo na mwili wake. Dakika arobaini hivyo. Tuone alianzia nyuma ya tanki la maji. Mwishoni alikuwa amekuja mwenyewe kunusa soksi za kijana. Hakumgusa. Akaniambia, "Dada, huyu anaogopa mikono ya wanaume. Leo tumelipa deni la mwanzo tu."

Kipindi cha pili alileta klika. Ni kidude cha plastiki cha kuenea kiganjani, ndani kina ulimi wa bati, ukibonyeza kinalia tik. Chenyewe hakina uchawi. Unabonyeza, unampa ini. Unabonyeza, unampa ini. Mara kama ishirini, mpaka mbwa akisikia tik anageuza kichwa kutafuta mkono wako. Kuanzia hapo ile sauti ni kama kutia alama ya chaki kwenye kitambaa: inaonyesha ni hapa hasa, si sentimita mbili pembeni. Mbwa akifanya kitu sahihi unatia alama papo hapo, kisha malipo yanafuata. Ukikosa klika, kifuniko cha chupa ya jemu kinacholia katikati kinafaa. Mimi nilianza nacho.

Hapo kwenye "papo hapo" ndipo nilipokosea mimi. Nilikuwa namfundisha kulala kwenye mkeka. Analala, mimi natafuta klika iko mfuko gani, anainuka, nabonyeza. Siku mbili nzima nilimlipa kuinuka. Akawa analala na kuinuka, analala na kuinuka, ananitazama kwa juhudi zote kama mwanafunzi anayetaka kupata. Kijana alipoona akasema tu, "Anafanya unachomlipa." Tulitumia siku mbili nyingine kufuta. Ndipo nikashona kimkoba cha kiunoni kwa mabaki ya kitenge, ndani nikaweka kitambaa cha mwavuli ili mafuta ya ini yasipenye, na klika nikaifunga kwa utepe kwenye kidole. Wateja wawili wameniagiza kimkoba hicho, kwa hiyo anayehitaji ninashona.

Mkeka wenyewe ni kipande cha mkeka wa ukindu uliochakaa, upana wa mikono miwili. Nieleze jinsi ulivyofundishwa maana hapo ndipo nilipoona tofauti kwa macho. Siku ya kwanza, Tuone akiutazama tu mkeka: tik, ini. Akitia mguu mmoja: tik, ini. Miguu yote minne. Kisha akilala, tik na vipande vitatu. Hakuna aliyesema neno lolote. Siku ya tatu, alipokuwa anakwenda mwenyewe na kujilaza, ndipo kijana akatia neno, "Mkekani." Yule mzee wa mwanzo alianza na neno na kumsukuma mbwa mpaka alielewe. Huyu alisubiri kitendo kiwepo, kisha akakipa jina.

Baada ya hapo tukaja kwenye hodi. Kijana alitoka nje ya geti akasema "hodi" kwa sauti ya mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Tuone akabaki mkekani: tik, ini. Sauti ikapanda kidogo kidogo. Kisha hodi na kugusa komeo. Kisha geti linafunguliwa, halafu mtu anaingia hatua moja, mbili, mpaka kwenye kioo. Tuone akiinuka, mgeni anarudi nje na geti linafungwa. Basi. Hakuna kelele, hakuna fimbo; mgeni anayempenda ameondoka na ini limeondoka. Hiyo ndiyo adhabu yote niliyoiona kwa wiki kumi. Mwezi wa pili neno "hodi" lenyewe likawa ndiyo amri. Mtu akilitamka, Tuone anakwenda mkekani anajilaza, nami mikono yangu iko kwenye cherehani.

Bi mkubwa wangu alirudi siku mbili kabla ya mfungo kuanza. Alisimama getini, akasema hodi akiwa ameshikilia baibui lake. Tuone akaenda kulala. Nikamwambia, "Pita, mama, hatainuka." Aliingia akapita mita moja kutoka kwenye pua ya mbwa, nikampima nyuma ya pazia kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Alipokuwa anatoka alimtazama Tuone muda kidogo akasema, "Mashallah, ana heshima huyu." Nilijikaza nisilie mbele ya mteja.

Gharama nyingine, maana bei ya mwalimu si yote. Ini la ng'ombe nanunua robo kwa wiki, nachemsha, nakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, nagandisha. Nikikosa hela natumia dagaa wa Mwanza, nawaosha mchanga na kuwakausha kwenye kikaango bila mafuta. Tuone anawapenda karibu sawa. Mkanda wa kifuani, badala ya wa shingoni, nilishona mwenyewe kwa mikanda ya begi kutoka Soko la Chifu Kingalu, shilingi 6,500 pamoja na vifungo. Na muda: dakika tano, mara tatu kwa siku, kila siku. Ukiwa huna dakika hizo usimwite, utapoteza hela.

Kasoro zake nazo nizitaje. Aliahirisha mara mbili, mara moja bila kunipigia, nami nilikuwa nimefunga kazi kumsubiri. Hakuachii maandishi yoyote; niliandika mwenyewe kwenye daftari la vipimo, kati ya mabega na viuno vya watu. Hakunionya kuhusu unene, na Tuone alitoka kilo 24 akafika 26 kabla sijaambiwa SUA nipunguze ugali siku za mazoezi mengi. Na anakwenda polepole. Mzee wa mnyororo alinipa mbwa anayekaa kwa wiki tatu. Huyu wiki ya tatu tulikuwa bado kwenye mkeka na mnong'ono wa hodi.

Watu wananiambia mbwa wa maini atatii akiona ini tu. Sasa hivi Tuone hapewi kila mara. Mara ya tatu, mara ya saba, hajui ni ipi, na anakwenda mkekani kila hodi. Mara nyingine malipo ni kukunwa nyuma ya lile sikio lililolala. Na hata kama angefanya kwa malipo tu, mimi pia nashona kwa malipo, na sijawahi kusikia mteja akisema mshono wangu haufai kwa sababu ananilipa.

Wengine wanasema hatalinda. Mwezi wa sita, saa tisa usiku, alibweka upande wa ukuta ule ule walioruka wezi, kwa sauti nzito ambayo mchana huisikii. Nilitoka na tochi. Kulikuwa na alama za viganja vyenye tope juu ya ukuta, na hakuna aliyeingia. Nikamwita, akaja. Hakuwa na kamba wala mnyororo, na kulikuwa giza.

Na kunguruma amerudia. Wa kwanza kusikia alikuwa fundi bomba aliyeinama ghafla karibu naye. Ilikuwa ngurumo fupi, ya chini. Nilimwambia fundi asogee, akasogea, Tuone akanyamaza. Kijana aliposikia hivyo alifurahi kuliko siku ya mkeka.

Kwa hiyo wanaoniuliza, nawapa namba ya Mazimbu. Ukifika kibarazani nitakuandikia.

Bado tuna mtu mmoja hatujamweza, muuza mkaa. Anashuka na baiskeli asubuhi, na ana ile gongo ya kuegeshea baiskeli, anaishika mkono wa kulia. Tuone akiiona anatetemeka miguu ya nyuma. Tulianza naye akiwa mbali kabisa, kwenye mwembe wa kona, tik na ini, na muuza mkaa, Mungu ambariki, anakubali kusimama dakika mbili kila asubuhi bila malipo. Nahesabu hatua kwenye daftari. Wiki iliyopita zilikuwa ishirini na moja. Jana zilikuwa kumi na nne, na mkia ulikuwa umetoka chini ya tumbo.